Kusoma Jeni Pamoja na Mishono Yake: Mwongozo Kamili wa Eksoni na Uungaji wa RNA

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri hukaa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na vijana wachache, wengine wa kidato cha nne na wengine wanaosomea kazi ya maabara ya hospitali. Wote huja wakiwa wamekariri sentensi moja, kwamba eksoni ni sehemu ya jeni inayotengeneza protini na introni ni takataka inayotupwa. Sentensi hiyo ndiyo ninayoanza kuivunja, kwa sababu aliyeishika hawezi kuyaelewa majibu ya kipimo cha jeni yakiwekwa mbele yake. Mwongozo huu umeandikwa ili msomaji ayaelewe kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, akiwa na mkasi, gundi, rula na karatasi.

Jeni ni mfuatano wa herufi za DNA (A, C, G na T), na seli huinakili kuwa RNA kabla ya kuitumia. Eksoni ni sehemu ya jeni ambayo nakala yake hubaki ndani ya RNA iliyokomaa, na introni ni sehemu ambayo nakala yake huondolewa kabla RNA haijatoka ndani ya kiini cha seli. Maana hiyo haitaji protini popote. Ziko herufi za eksoni ambazo hazitafsiriwi kamwe kuwa protini, na ziko herufi za introni ambazo zikiguswa mtu huugua maisha yake yote. Kinachoamua eksoni ni ipi ni kazi ya kukata na kuunga, ambayo hapa nitaiita uungaji, na mahali eksoni mbili zinapokutana baada ya kazi hiyo nitapaita mshono.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1977, pale makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Phillip Sharp na jingine la Richard Roberts, yalipochunguza virusi vya adeno na kuona kwamba RNA mjumbe hailingani na DNA yake mfululizo. Chini ya hadubini ya elektroni, RNA ilishikamana na DNA kwa vipande, na kati ya kipande na kipande DNA iliyokosa mwenzake ilijikunja ikawa tanzi. Mwaka 1978 Walter Gilbert alivipa vipande hivyo majina tunayoyatumia leo, na mwaka 1993 Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobel.

Jeni tutakayoifanyia kazi ni HBB, iliyo katika kromosomu ya 11, ambayo hutoa mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Nimeichagua kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa inatuhusu sisi watu wa Pwani. Badiliko la herufi moja ndani yake ndilo linaloleta selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye nakala moja ya badiliko hilo ni wengi katika maeneo ya malaria kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba nakala hiyo moja huwakinga dhidi ya malaria. Hakuna jeni inayostahili zaidi kusomwa kwa makini katika mji huu.

Hatua ya kwanza: chora jeni kwa kipimo

Chukua karatasi ndefu na uamue kwamba milimita moja ni herufi kumi. Eksoni ya kwanza ya HBB ina herufi 142, kwa hiyo chora kisanduku cha milimita 14. Introni ya kwanza ina herufi 130, nayo iwe mstari wa milimita 13. Eksoni ya pili ina herufi 223, yaani kisanduku cha milimita 22. Introni ya pili ina herufi 850, yaani mstari wa milimita 85. Na eksoni ya tatu ina takriban herufi 260, yaani kisanduku cha milimita 26. Jeni nzima imeenea kwenye sentimita 16, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni introni.

Sasa paka rangi sehemu zinazotafsiriwa tu. Katika eksoni ya kwanza herufi 50 za mwanzo huzipaki rangi, kwa sababu ziko kabla ya kodoni ya kuanzia (kodoni ni herufi tatu zinazosomwa pamoja), na 92 zinazofuata unazipaka. Eksoni ya pili inapakwa yote. Katika eksoni ya tatu unapaka herufi 129 tu, na takriban 130 za mwisho zinabaki nyeupe. Weupe huo ulio ndani ya visanduku ndio jibu kwa ile sentensi iliyokaririwa: ni eksoni kamili, haileti protini hata chembe moja, na hata hivyo haitupwi, maana ndiyo inayosaidia ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, kushika RNA mwanzoni na inayoifanya RNA idumu mwishoni.

Ili kuona kwamba HBB ni ndogo, fikiria jeni ya distrofini, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Ina eksoni 79 katika takriban herufi milioni 2.2, na kwa kipimo chetu ingehitaji karatasi ya mita 220, karibu nusu ya mwendo wa feri pale Likoni. RNA yake iliyokomaa ingeenea kwenye mita moja na nusu. Seli inakata vitanzi vyote hivyo na kuunga vipande 79 kwa mpangilio, na kwa kawaida bila kukosea hata herufi moja katika mshono.

Hatua ya pili: andika herufi za mipakani

Hapa ndipo pa kutulia, kwa kuwa kazi yote ya uungaji inategemea alama chache zilizo mpakani. Andika kwa mkono, kwa herufi za DNA kama vitabu vinavyozichapisha, ukikumbuka kwamba kwenye RNA kila T husomwa U. Eksoni ya kwanza inaishia hivi:

GAG GCC CTG GGC AG

Mara baada yake introni ya kwanza inaanza:

GTTGGTATCAAGG

Herufi 40 za mwisho za introni hiyo ni hizi:

CTGACTCTCTCTGCCTATTGGTCTATTTTCCCACCCTTAG

Kisha eksoni ya pili inaanza:

GCTGCTGGTGGTCTACCC

Tazama mambo manne. La kwanza, introni inaanza kwa GT na kuishia kwa AG, na karibu introni zote za binadamu hufuata kanuni hiyo. La pili, herufi nne au tano zinazofuata GT nazo zina uzito, kwa sababu chembe iitwayo U1, ambayo ni RNA fupi iliyobebwa na protini, hushikamana na mpaka huu kwa kulinganisha herufi zake na hizo, na kadiri zinavyolingana ndivyo inavyoshika kwa nguvu. La tatu, ndani ya kipande cha CTGAC kilicho mwanzoni mwa zile herufi 40 kuna A ambayo ni herufi ya 37 ukihesabu kutoka mwisho wa introni. Hiyo ni A ya tawi, nayo ndiyo itakayofanya ukataji wa kwanza. La nne, baina ya A hiyo na AG ya mwisho herufi za C na T zimejaa tele, na protini maalumu hukaa juu yake ili kuonyesha kwamba mwisho wa introni umekaribia.

Wanafunzi huuliza upesi, na wana haki kuuliza: «Mwalimu, mbona GT ziko nyingi ndani ya jeni, seli inajuaje ni ipi?» Ni kweli zimejaa kila mahali, hata ndani ya eksoni. GT peke yake haitoshi. Seli hutazama alama zote pamoja, na zaidi ya hayo ndani ya eksoni zenyewe kuna vipande vifupi vya herufi vinavyoita protini za kusaidia, ambazo husimama juu ya eksoni na kuwaelekeza U1 na wenzake waje mipakani. Kwa hiyo herufi moja ya eksoni inaweza kuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kutaja asidi ya amino na kulinda mpaka. Jambo hili litatufaa sana mbele kidogo.

Upande wa mwisho wa introni ipo kanuni inayofaa kukumbukwa: kwa kawaida seli huchagua AG ya kwanza inayokutana nayo baada ya A ya tawi. Rudi kwenye zile herufi 40, weka kidole kwenye A ya tawi, kisha usogee kulia. Hutakuta AG nyingine yoyote hadi ufike mwisho. Weka alama hapo, tutaparudia.

Hatua ya tatu: kata kwa mpangilio wake

Wengi wanapopewa mkasi hukata introni pande zote mbili kwa pamoja, kisha hutafuta vipande vya kuunga. Seli haifanyi hivyo, na ingefanya hivyo eksoni mbili zingepoteana ndani ya kiini.

Kata kwanza mpaka wa kushoto pekee, kati ya AG ya eksoni ya kwanza na GT ya introni. Papo hapo kunja introni na ubandike G yake ya mwanzo kwenye A ya tawi. Sasa introni imekuwa kitanzi chenye mkia, na mkia wake bado umeshikana na eksoni ya pili. Kwa lugha ya kemia, kikundi cha oksijeni na hidrojeni kilicho kwenye sukari ya A ya tawi ndicho kilichoushambulia mpaka, na ndiyo maana kukata na kubandika ni tendo moja, si mawili. Halafu chukua ncha huru ya eksoni ya kwanza uilete kwenye mpaka wa kulia; ncha hiyo ndiyo inayoukata mpaka na kujiunga na eksoni ya pili. Kitanzi kinaanguka, hufunguliwa, na herufi zake hutumika upya.

Mashine inayosimamia haya huitwa splaisosomu, nayo imeundwa na chembe tano za RNA na protini, yaani U1, U2, U4, U5 na U6, pamoja na protini nyingine nyingi zinazoingia na kutoka. U1 hushika mpaka wa kushoto. U2 hushika eneo la tawi na kuisukuma ile A itokeze nje. Kisha U4, U5 na U6 huingia pamoja, U1 na U4 huondoka, na U6 na U2 ndizo zinazobaki katikati ya kazi huku U5 ikizishikilia eksoni mbili zisiachane. Wavuvi wetu wanapounga kamba hukata sehemu iliyooza na kusuka ncha mbili nzima zikawa kitu kimoja, na mfano huo unafaa kwa namna ya kushika ncha. Hauko sawa kwa maana yake, kwa sababu introni haijaoza: imebeba alama zote ambazo bila hizo hakuna wa kujua pa kukata.

Bakteria hawana splaisosomu. Ndiyo maana anayetaka bakteria wamtengenezee insulini ya binadamu, ambayo jeni yake ina introni mbili, lazima awape DNA iliyokwisha kuondolewa introni.

Hatua ya nne: hesabu kwa tatutatu

Ukishaunga, hesabu herufi ulizozipaka rangi. Eksoni ya kwanza ina 92, ya pili 223, ya tatu 129, na jumla ni 444. Gawanya kwa tatu upate kodoni 148, ya mwisho ikiwa ya kusimamisha. Zinabaki asidi za amino 147, na ya kwanza huondolewa baadaye, kwa hiyo mnyororo wa beta uliokamilika una 146.

Lakini usigawanye jumla tu, gawanya penye kila mshono. Herufi 92 ukizigawanya kwa tatu unapata kodoni 30 na herufi mbili za ziada, ambazo ni AG zilizo mwishoni mwa eksoni ya kwanza. Kodoni hiyo inakamilishwa na G ya kwanza ya eksoni ya pili, ikawa AGG. Yaani kodoni moja imekatwa katikati na introni ya herufi 130, na isingesomeka kabla ya uungaji. Mshono wa pili uko herufi ya 315, inayogawanyika kwa tatu bila baki, kwa hiyo hapo hakuna kodoni iliyopasuliwa. Andika namba hizi juu ya mishono ya karatasi yako: 92, baki mbili, 315, baki sifuri. Hesabu hii ya baki ndiyo fremu ya usomaji, na mtu anayeisoma jeni bila kuiandika atapotea katika hatua inayofuata.

Hatua ya tano: iharibu kwa makusudi

Rudi kwenye herufi 40 za mwisho wa introni ya kwanza, utafute kipande cha TTGGTC. Badilisha G ya kwanza iwe A, kikawa TTAGTC. Badiliko hili limejulikana kwa muda mrefu kuwa chanzo cha thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu unaotokana na uhaba wa mnyororo wa beta, katika nchi za Bahari ya Kati, hasa Cyprus. Liko ndani ya introni, mbali na mpaka, mahali ambapo aliyekariri kwamba introni ni takataka angesema halina neno.

Weka kidole tena kwenye A ya tawi usogee kulia. Safari hii unakutana na AG mpya kabla ya ile ya zamani, na seli nayo hukutana nayo kwanza. Kata hapo. Kipande kilichobaki kati ya AG mpya na AG ya zamani, chenye herufi 19, hakikutolewa. Kimeingia kwenye RNA kama mwanzo wa eksoni ya pili. Kibandike baada ya AG iliyobaki kutoka eksoni ya kwanza, kisha usome kwa tatutatu:

AGT CTA TTT TCC CAC CCT TAG

TAG ni kodoni ya kusimamisha. Ribosomu inayofika hapo inaacha kazi ikiwa imesoma kodoni 36 tu badala ya 147. Kilichotengeneza kizuizi hicho ni ile TAG iliyokuwa mwisho halali wa introni, ambayo kazi yake ilikuwa kuonyesha mahali pa kukata. Imesomwa kama maneno kwa kuwa imeachwa ndani.

Madhara hayaishii kwenye protini fupi. Seli inapounga eksoni mbili huacha protini za alama herufi ishirini na kidogo kabla ya kila mshono, na ribosomu ya kwanza kupita huziondoa. Ikisimama mapema, huku mshono ukiwa bado mbele yake kwa zaidi ya herufi 50 hivi, alama zilizobaki huiambia seli kwamba RNA hiyo ina kasoro, nayo huivunjavunja. Hapa mshono wa pili uko zaidi ya herufi 200 mbele. Kwa hiyo RNA nyingi za jeni hii huharibiwa, RNA chache zinazoungwa sawasawa hazitoshi, na mtoto mwenye nakala mbili za namna hii hupungukiwa na damu. Mishono, basi, si makovu ya kazi iliyokwisha. Seli inaitumia kukagua kazi yake.

Nimewahi kuona kijana akifanya zoezi hili kwa ukimya, akafika kwenye TAG, akarudi kuhesabu upya mara mbili kabla ya kuamini. Ningependa kila msomaji afike hapo kwa mkasi wake, si kwa kuniamini mimi.

Hatua ya sita: linganisha mabadiliko mawili ya eksoni

Sasa shika eksoni ya kwanza. Kwa hesabu ya zamani, inayoanza baada ya kodoni ya kuanzia, kodoni ya 6 ni GAG. Katika selimundu imekuwa GTG, asidi ya glutamiki ikabadilika kuwa valini. Hakuna mpaka ulioguswa. RNA inaungwa kama kawaida, protini inatoka kwa urefu wake kamili, na ugonjwa unatokana na tabia ya protini yenyewe ya kushikamana oksijeni inapopungua.

Kodoni ya 26 nayo ni GAG. Katika hemoglobini E, iliyoenea Kusini-Mashariki mwa Asia, imekuwa AAG. Kwa macho ni badiliko la aina ileile, herufi moja na asidi moja ya amino. Lakini andika kinachoitangulia: GGT GAG G. Humo mna GTGAGG, mpaka ambao haukutumika kwa kuwa alama zake hazikuwa na nguvu ya kutosha. Badiliko linaufanya uwe GTAAGG, na hapo U1 inaushika vizuri zaidi. Sehemu ya RNA hukatwa mahali hapo, herufi 16 kabla ya mpaka wa haki, na 16 haigawanyiki kwa tatu. Hivyo mwenye hemoglobini E ana mambo mawili kwa pamoja: mnyororo wenye asidi tofauti, na upungufu wa mnyororo huo. Ukitazama asidi ya amino peke yake unaliona la kwanza na kulikosa la pili.

Hatua ya saba: eksoni inayorukwa

Si lazima kila eksoni iingie kila mara. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya jeni za binadamu zenye eksoni nyingi huungwa kwa njia zaidi ya moja, na ndiyo maana jeni takriban 20,000 hutoa protini za aina nyingi kuliko idadi hiyo. Kwa nzi wa matunda jeni moja, Dscam, inaweza kutoa RNA za aina 38,016 kwa kuchagua eksoni tofauti.

Fundi aliyeelewa hesabu ya baki anaweza kuutumia urukaji huo kama tiba. Eksoni ya 50 ya distrofini ina herufi 109, na 109 ukigawanya kwa tatu inabaki moja. Mtoto aliyepoteza eksoni hiyo amevunjika fremu, na ana Duchenne. Eksoni ya 51 ina herufi 233. Jumlisha: 109 na 233 ni 342, inayogawanyika kwa tatu bila baki. Kwa hiyo ukiifanya seli iiruke na ya 51 pia, fremu inarudi, na protini inatoka ikiwa fupi kidogo katikati lakini yenye mwanzo na mwisho wake. Hiyo ndiyo hoja iliyozaa dawa ya eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ingawa kiasi cha distrofini inachorudisha ni kidogo. Mwaka huohuo iliidhinishwa nusinersen kwa watoto wenye udhaifu wa misuli wa uti wa mgongo, nayo hufanya kinyume: huziba kipande cha introni ya 7 ya jeni SMN2 ili eksoni ya 7, ambayo kwa kawaida hurukwa, ibaki ndani. Hii naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizotokana na kuzichukulia introni kwa uzito.

Hatua ya nane: hamia kwenye kompyuta na kwenye karatasi ya majibu

Hifadhidata za Ensembl na NCBI ni za bure. Andika HBB, chagua binadamu, kisha fungua orodha ya eksoni. Katika ramani, eksoni huonyeshwa kama visanduku na introni kama mstari, na sehemu zisizotafsiriwa hutofautishwa kwa kisanduku chembamba au kisichojazwa. Usishangae kuona jeni imechorwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwani HBB iko kwenye uzi wa pili wa kromosomu na husomwa kinyume. Kwa mwenye bando dogo, ukurasa wa eksoni ukihifadhiwa mara moja unatosha kwa mazoezi ya wiki nzima.

Karatasi ya majibu ya maabara hutumia alama ambazo sasa unaweza kuzisoma. Herufi c. inamaanisha kwamba hesabu inaanza kwenye A ya kodoni ya kuanzia na kupita juu ya eksoni tu. Selimundu huandikwa c.20A>T, na hemoglobini E huandikwa c.79G>A, zote ni namba tupu, kwa hiyo ziko ndani ya eksoni. Ukiona alama ya kujumlisha au ya kutoa, uko ndani ya introni. c.92+5G>C maana yake ni herufi ya tano baada ya 92, yaani baada ya mwisho wa eksoni ya kwanza: ndani ya zile herufi zinazoshikwa na U1. Badiliko hili ndilo sababu iliyo ya kawaida zaidi ya thalasemia ya beta nchini India. Na c.93-21G>A ni herufi ya 21 kabla ya mwanzo wa eksoni ya pili. Ihesabu kwenye karatasi yako kutoka AG ya mwisho kurudi nyuma, utaangukia ileile G uliyoibadilisha katika hatua ya tano.

Tahadhari ni moja: kodoni ya 6 ya selimundu huandikwa ya 7 katika hesabu mpya, inayojumlisha kodoni ya kuanzia. Ukikuta karatasi mbili zinazotofautiana kwa moja, angalia hesabu kabla ya kudhani kuna kosa.

Hatua ya tisa: thibitisha kwa RNA

DNA inaonyesha kwamba mpaka umebadilika. RNA peke yake ndiyo inayoonyesha jinsi seli ilivyokata. Kwa HBB damu inatosha, kwa sababu chembe nyekundu changa bado zina RNA ya globini. Vaa glavu, kwa kuwa ngozi ya mkono imejaa vimeng'enya vinavyokula RNA, na katika joto la Mombasa usiache mrija mezani hata kidogo: barafu iwe tayari kabla damu haijatolewa, na kama stima hupotea mtaani kwenu, kazi isianze kabla hujajua sampuli zitahifadhiwa wapi.

Igeuze RNA kuwa DNA kwa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kisha uizidishe kwa vianzishi viwili, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoweka mipaka ya sehemu inayozidishwa, kimoja kikianzia kodoni ya kuanzia na kingine kikiishia mwisho wa eksoni ya pili. RNA iliyoungwa sawasawa itatoa kipande cha herufi 315. Kipande cha 445 maana yake introni ya kwanza imo ndani, na mara nyingi ni DNA ya kromosomu iliyoingia kwenye sampuli, kwa hiyo weka daima mrija wa pili usiotiwa kimeng'enya cha kugeuza ili utofautishe. Kipande cha 334 ni zile herufi 19 za ziada, na cha 299 ni zile 16 zilizopotea. Jeli ya kawaida ya agarosi hutenganisha 315 na 445 bila shida, ila 315 na 334 zinaweza kuonekana kama mstari mmoja mnene. Hapo tumia jeli ya akrilamidi, kisha upeleke kipande kikasomwe herufi kwa herufi, na macho yako yaende moja kwa moja baada ya GGC AG.